Mbwa koko wa gereji ana kansa, imepungua laki nne na elfu hamsini na tano. Someni kwanza ndipo mtukane

FundiSpana (mleta uzi), Jumatatu usiku

Wakuu heshima kwenu.

Mimi ni fundi magari, gereji yetu ipo Tabata, Dar, zile za uwazi chini ya mwarobaini. Pembeni kuna genge la nyanya na vitunguu, mama ntilie wawili na jamaa wa pancha. Huu mwaka wa tatu tuna mbwa jike pale. Hakuna aliyemleta. Alikuja wakati wa masika, kalowa chapachapa, akalala chini ya Noah iliyokuwa imeshushwa injini. Noah ilipopona ikaondoka, yeye akabaki. Anakula ukoko wa wali kwa mama ntilie, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni koko, jina likajileta: Ukoko.

Kazi yake naijua mimi. Kabla hajaja tuliibiwa betri mbili na jeki moja ya tani tatu. Tangu awepo haijapotea hata spana namba kumi, ambayo kwa kawaida hupotea yenyewe. Hajawahi kung'ata mtu. Anabweka tu, na anajua nani fundi na nani anajifanya fundi.

Mwezi wa sita tukaona anadondosha damu nyuma. Tukasema yuko kwenye joto, itapita. Wiki ya tatu haijapita. Kikatokeza kinyama chekundu kimechambukachambuka kama koliflawa, na inzi juu yake. Wateja wa nyanya wakaanza kuziba pua, watu wa genge wakaanza kumrushia mawe. Kijana mmoja akashauri tumtilie sumu kwenye nyama yaishe.

Nikampakia kwenye bajaji, mdomo nimeufunga kwa kitambaa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akachukua kioo kidogo, akakigandamiza kwenye kile kinyama, akaangalia kwa darubini. Akasema ni kansa, ile wanayoambukizana mbwa wakipandana. Nikajua ndiyo basi. Akacheka, akasema kati ya kansa zote hii ndiyo mtu unaweza kuombea mbwa wako aipate, maana inatibika kwa sindano moja kila wiki.

Hesabu aliyonipa:

Kipimo cha kioo na kumwona daktari: 40,000
Kila wiki dawa 30,000, kipimo cha damu 25,000, dripu na kazi 10,000, bajaji kwenda na kurudi 12,000. Jumla 77,000 mara tano: 385,000
Chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo: 25,000
Kufunga kizazi akipona: 150,000
Jumla kuu: 600,000

Tulizonazo: mafundi sita tumechanga 60,000, mama ntilie wa kwanza 10,000, mimi 75,000. Jumla 145,000. Kioo na sindano ya kwanza tayari, 117,000 zimetoka, zimebaki 28,000.

Anayeguswa anicheki inboksi nimpe namba. Hata buku inapokelewa.

Nawasilisha.

Mkorosho

Mleta uzi una afya njema kweli? Kuna wodi watoto wanalala wawili kitanda kimoja, we unaomba laki sita za mbwa KOKO. Angekuwa hata jamani shefadi ningeelewa.

Kipara_wa_Pembeni

Nimekaa pale na bisi zangu, nasubiri namba itolewe ili tujue jina linalosoma ni la nani.

Jirani_Segerea

Picha mkuu. Uzi wa mgonjwa bila picha ni uzi wa tapeli.

FundiSpana

Picha nimeweka mbili, ya uso na ya kule. Ya kule moderata kaitoa, na namwelewa.

Mkorosho, sikukushika mfuko. Mwezi uliopita nilichangia harusi ya mtu ambaye hadi leo sijui bi harusi anaitwa nani. Kadi ya single laki moja, nikala vipande viwili vya kuku na soda ya moto. Hakuna aliyeniuliza kuhusu vitanda vya wodini.

DaktariKupe

Mimi ni daktari wa mifugo, nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nafanyia kazi Nyanda za Juu. Simjui mleta uzi wala kliniki aliyokwenda, lakini alichoelezwa ni sahihi, ngoja niongeze nyama.

Huu ugonjwa ni wa ajabu sana. Kansa ya kawaida huanzia ndani ya mwili wa mgonjwa na kufa naye. Hii hapana. Seli zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa na kupandikizwa pale zinapogusa jeraha dogo, kama mche. Sio kirusi, sio bakteria. Watafiti walipopima vinasaba vya vivimbe kutoka mabara mbalimbali walikuta vyote vinatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yule mbwa alikufa zamani, kansa yake ikaendelea kutembea. Kwa hiyo kile kinyama cha Ukoko kwa kinasaba si cha Ukoko. Ni mgeni.

Haimwambukizi binadamu, tafadhali msimfukuze kwa hilo. Mbwa huipata kwa kupandana, na pia kwa kunusa na kulambana, ndiyo maana wengine hutokwa damu puani na watu wakadhani wamepigwa.

Dawa yake inaitwa vinkristini. Sindano ya mshipa, mara moja kwa wiki, wengi humaliza kati ya sindano nne na sita. Mambo matatu ya kuzingatia. Lazima iingie ndani ya mshipa kwelikweli, ikivujia nje inaunguza nyama. Kipimo cha damu kabla ya kila sindano si mbwembwe za kuongeza bili: dawa inashusha chembe nyeupe, na zikiwa chini ya 4,000 sindano inaahirishwa. Na anayemsafishia mkojo siku mbili tatu baada ya sindano avae glavu.

La mwisho, na hili watu hawalisikilizagi. Jike hajaambukizwa na upepo. Kuna dume mtaani kwenu analo. Mtafuteni sasa. Chupa ya dawa ina miligramu moja, mbwa wa kilo kumi na nne anatumia kama theluthi yake, na chupa ikishafunguliwa haikai. Mkiwaleta wawili siku moja mnagawana chupa. Mkisubiri, mtanunua chupa mara mbili.

Kipara_wa_Pembeni

Yaani kuna mbwa kafa tangu enzi hizo na bado anaendelea kuzaa matatizo. Kama ukoo wetu.

Mkorosho

Dokta sijakataa sayansi. Nauliza hiyo vinkristini si ndiyo wanayopewa watoto wenye kansa? Sasa tunawanyang'anya watoto dawa tumpe mbwa?

MamaWawili

Mkorosho kaka yangu, nakujibu mimi kwa sababu umetaja watoto.

Mtoto wa dada yangu alilazwa Muhimbili na kansa ya damu akiwa na miaka mitano. Hiyo dawa naijua kwa jina, kwa rangi ya chupa na kwa siku ya wiki. Ilikuwa Jumatano. Anapata choo kigumu siku nne, vidole vinakufa ganzi, anashindwa kufunga vifungo vya shati. Nimekaa kwenye lile benchi muda mrefu kuliko nilivyokaa darasani.

Katika miezi yote ile watu waliotusaidia walikuwa walewale. Aliyetoa damu ndiye aliyeleta uji, na ndiye aliyemnunulia pampasi mtoto wa kitanda cha jirani ambaye mama yake alitoka Kigoma bila kitu. Sikuwahi kumwona mtu wa "kwanza watoto" akija na hata chungwa. Sisemi ni wewe, sikujui.

Dawa ya mbwa wanaenda kununua duka la dawa kwa hela yao, haitoki kabati la wodi. Dokta anisahihishe kama nimekosea.

Fundi, nicheki inboksi. Nina elfu ishirini.

DaktariKupe

Hujakosea mama. Na nyongeza tu: dawa hiyo asili yake ni lile ua la Madagaska lenye petali tano, la waridi au jeupe, linaloota kwenye kuta na makaburini kote Pwani. Wengi wenu mnalo uani na mnalimwagilia bila kujua.

Mkorosho

Sawa mama. Poleni na mtoto. Anaendeleaje?

MamaWawili

Yuko darasa la tatu. Mtundu.

UstadhMtaani

Assalaam alaykum. Mimi nimeguswa ila nina swali, na naomba lisigeuzwe kejeli. Sisi wa Pwani wengi ni Shafii, mbwa kwetu ni najisi nzito, ukiguswa na mate yake unaosha mara saba, moja kwa udongo. Je, kuchangia matibabu yake kuna tatizo?

BintiKilwa

Wa alaykum salaam. Ustadh, najisi ni hukumu ya tohara, si hukumu ya huruma. Ukimgusa akiwa na unyevu unajitoharisha, basi. Wamaliki hata hiyo najisi hawaioni kwa mbwa aliye hai. Na hadithi ya yule aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, akasamehewa, imo kwenye Bukhari. Masahaba waliuliza kama katika wanyama kuna ujira, wakajibiwa kwamba katika kila chenye ini bichi kuna ujira.

Babu yangu hakuwahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti, na kila jioni alikuwa anaacha kifuu cha maji nje ya ua. Sikuona akigongana na nafsi yake hata siku moja.

UstadhMtaani

Jazakillah kheri. Fundi, elfu tano. Jina langu usiliandike.

Jirani_Segerea

Turudi kwenye hela. Mimi nina elfu kumi hapa, lakini naitumaje kwa namba ya mtu binafsi? Mwaka jana kuna binti alileta uzi wa paka aliyevunjika mguu, picha tukaja kugundua ni za paka wa Brazili. Sisemi fundi ni tapeli. Nasema nikiwa tapeli nami ningeandika vizuri hivihivi, mpaka na hiyo stori ya ukoko.

Kamau_wa_Thika

Majirani hamjambo. Nasoma nikiwa Kenya. Huyu Jirani ako na point. Huku kwetu michango imepitia kila kitu, tangu M-Pesa ianze 2007 kila mtu ako na paybill ya kitu. Sasa wengi tunatumia M-Changa, kila anayetoa anaona jumla ikipanda. Na Nairobi tuko na KSPCA, chama cha kutetea wanyama, mbwa wa barabarani anapata pa kuanzia.

Lakini nimewahi kuchanga pesa za mbwa mtaani, nikawa mweka hazina, na nikaumia. Sikuiba hata ndururu. Mbwa alikufa siku ya nne, pesa zikabaki, na sikuwa nimesema mapema zikibaki zitaenda wapi. Wengine wanataka warudishiwe, wengine wanasema nipeane kwa mbwa mwingine, wengine kimya tu halafu wananiangalia vibaya kwa duka. Ushauri wangu: sema leo, mbele ya watu, mbwa akifa pesa inafanya nini. Ni swali mbaya lakini liulize wewe kabla hujaulizwa.

MuscatKwetu

Nipo Maskati, nilikulia Tabata hiyohiyo, nahisi hiyo gereji naijua. Nilitaka kufungua ukurasa wa michango GoFundMe niwashirikishe wenzangu hapa. Nimegonga mwamba, wanataka akaunti ya benki ya nchi zilizo kwenye orodha yao na Tanzania haimo. Kwa hiyo nitatuma tu kwa simu kama wanavyotuma wote. Ila kweli, namba iwe ya kliniki.

FundiSpana

Nimewasikia. Leo nimekaa na wenzangu chini ya mwarobaini, tumeamua hivi.

Walio mbali watatuma moja kwa moja kwenye lipa namba ya kliniki. Jina litakalosoma ni la kliniki, kwenye maelezo andikeni UKOKO. Mimi siishiki hiyo hela hata kwa kidole chenye grisi. Namba naituma inboksi kwa anayeomba, siibandiki hapa maana tunajuana.

Walio karibu watampa mama ntilie wa kwanza. Huyu mama ni kijumbe wa mchezo wa watu ishirini na wawili hapa mtaani, mwaka wa saba sasa, hajawahi kuruka zamu ya mtu. Ana daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Amefungua ukurasa, kaandika juu MGONJWA. Kila Jumamosi nitapiga picha huo ukurasa na risiti za wiki niweke hapa.

Na la Kamau: Ukoko akifa kabla hela haijaisha, iliyobaki inakwenda kuchanja mbwa wengine wa mtaa huu dhidi ya kichaa, hadi iishe. Hairudi kwa mtu na haiji gereji.

Na jambo dogo: mnaotuma kwa kawaida kwa mama, wekeni na ya kutolea. Kuna mtu katuma buku, mama kaikata mwenyewe makato kwenye daftari kwa hasira, kaandika "850, mwenzetu hajui kutuma."

Kipara_wa_Pembeni

Hiyo 850 ilikuwa yangu. Nimetuma nyingine na ya kutolea. Mwambieni mama anifutie hilo neno.

FundiSpana

Kasema halifutiki, daftari la mchezo huwa halifutwi.

FundiSpana, Jumamosi, wiki ya pili

Sindano ya pili imepita. Picha ya daftari na risiti hizo hapo. Damu imepungua, anasinzia sana, juzi hakula kabisa. Kapewa supu ya utumbo ndipo akala.

Jambo lililonishangaza ni daftari. Nilidhani wenye genge hawatatoa, maana ndio waliokuwa wanamrushia mawe. Muuza vitunguu katoa elfu mbili. Nikamuuliza, akasema tangu Ukoko aanze kulazwa ndani ya gereji panya wamekula gunia lake. Mtu wa pancha katoa jero kila siku, siku tano mfululizo, anasema hivyo haimuumi. Dereva mmoja aliyekuja kubadilisha brekipedi kaona ukurasa umefunguliwa mezani, kasoma majina yote kimya, kaweka elfu tano, hajauliza swali.

Kwenye uzi huu nimeandika maneno mengi. Mama hajaandika kitu zaidi ya MGONJWA na anakusanya bila kuongea.

Mkorosho

Hao wamemzoea, wanatoa kwa faida yao.

FundiSpana

Ndiyo. Kwani nilisema ni sadaka? Mlinzi wa usiku hapa jirani analipwa laki na nusu kwa mwezi na bado analala.

MzeeWaForodha

Mimi nasema ukweli ambao hamtaki. Mbwa koko ndio wanaoleta kichaa. Manispaa wangewapitia wote wakawamaliza tusingekuwa na uzi huu.

DaktariKupe

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ni halali, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu wote hufa, na nimeuona, sitaki kuuona tena. Lakini kuwaua kumejaribiwa miaka na miaka na ugonjwa haukuisha. Ukimmaliza mbwa aliyechanjwa, nafasi yake na jalala lake vinachukuliwa na mwingine anayetoka mtaa wa pili ambaye hajachanjwa. Kinachokata mnyororo ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo. Na sumu kwenye nyama, mbali na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inaokotwa na kuku, na siku moja na mtoto.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri kuona mbwa anakuwaje.

MzeeWaForodha

Marahaba. Nimekuelewa ingawa sijapenda.

MuscatKwetu

Nimepita kwa wenzangu watatu hapa, nimetuma laki moja kwenye namba ya kliniki. Nimeandika UKOKO. Mfanyakazi wa kliniki kanipigia kuuliza kama nimekosea, anadhani nalipia chakula.

FundiSpana, Jumamosi, wiki ya nne

Habari mbaya kidogo. Jana tumekwenda kwa sindano ya nne, damu ikapimwa, chembe nyeupe 3,100. Daktari kakataa kuchoma. Tumerudi na mbwa na risiti ya kipimo 25,000, na bajaji 12,000, kazi bure.

Kuna mwenzetu pale gereji akaanza kusema kliniki wanatukamua. Nikamwonyesha ule ujumbe wa DaktariKupe wa wiki ya kwanza kuhusu 4,000. Akanyamaza. Dokta, ule ujumbe umetusaidia kuliko hela.

Kosa langu lingine naliweka hapa mjifunze. Wiki iliyopita alikuwa anatetemeka nikahisi ana maumivu, nikataka kumpa nusu kidonge cha diklofenaki, ile tunayomeza sisi mgongo ukikamata. Mama ntilie ndiye aliyenizuia, akasema uliza kwanza. Nikampigia daktari. Alinifokea.

DaktariKupe

Alikuwa na haki ya kukufokea. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa. Msimpe cha kabatini kwenu hata kwa nia njema. Wenye paka, panadoli moja tu inatosha kumuua.

Na yule dume je?

FundiSpana

Kuna madume matatu yanayozunguka. Mawili tumeyakagua, safi. La tatu ni jeusi, lipo upande wa mashine ya kusaga, halishikiki. Tumeweka utumbo, linakula utumbo na kuondoka.

DaktariKupe

Endeleeni kujaribu. Chupa, fundi. Chupa.

BintiKilwa

Jamani na mwenye bajaji naye tumfikirie, safari zote hizo.

FundiSpana

Mwenye bajaji kuanzia safari ya tano kakataa hela. Mwanzoni alikuwa anatandika turubai na kulalamika harufu. Sasa anamwita "abiria".

FundiSpana, Jumapili, wiki ya tisa

Wakuu, hesabu ya mwisho, mama kaifunga jana usiku mbele ya mafundi wote na muuza vitunguu akiwa shahidi.

Ziliongezeka gharama mbili: ile safari ya bure, na sindano ya sita, maana baada ya ya tano kilikuwa kimebaki kipele kama punje ya mtama na daktari hakutaka kukiacha.

Zilizoingia:
Mchango wa mwanzo 145,000
Daftari la mama 131,500
Lipa namba ya kliniki 446,000
Jumla 722,500

Zilizotoka:
Kioo 40,000
Sindano sita kwa 65,000: 390,000
Kipimo cha damu cha safari ya bure 25,000
Bajaji safari nne 48,000
Chanjo na minyoo 25,000
Kufunga kizazi 150,000
Jumla 678,000

Baki 44,500. Risiti zote kumi zipo kwenye picha, moja ina doa la supu, hilo ni la mama.

Ukoko mwenyewe kapona. Mshono umekauka, daktari kakagua Ijumaa, safi. Amenenepa mpaka chini ya magari hapiti. Jana usiku kabweka saa tisa, tukatoka na tochi, kumbe ni Kipara kaja kumwona akiwa ametoka baa. Tumejuana sura.

Kipara_wa_Pembeni

Nilitaka tu kuona daftari. Bado imeandikwa "hajui kutuma".

Mkorosho

Nimesoma uzi wote tangu mwanzo leo. Sijabadilisha msimamo wangu kuhusu vitanda. Ila ile elfu kumi ya wiki ya sita kwenye lipa namba isiyo na jina ilikuwa yangu, nasema tu isije ikahesabiwa ya Jirani.

Jirani_Segerea

Yangu ni ile ya wiki ya pili, risiti ninayo.

Kamau_wa_Thika

Hongera majirani. Sasa hiyo 44,500? Mlisema akifa inachanja. Hamkusema akipona.

FundiSpana

Hilo ndilo lililonileta tena hapa. Tulipanga tuchanje nayo. Lakini leo asubuhi lile dume jeusi la mashineni limekuja lenyewe, limelala chini ya mwarobaini. Pua inatoka damu, upande mmoja umevimba.

Dokta najua utakachosema kuhusu chupa.

Mama kafungua ukurasa mpya. Kaniuliza aandike nini juu, nikamwambia hatujui jina lake. Kaandika MGONJWA WA PILI, 44,500, akaliacha daftari wazi mezani kwenye njia ya wateja wa chai.